Jifunze: Fuko wa Shambani ni Mmoja au ni Wengi?

Mkulima wa viazi wa Kinangop, Ol Kalou au Kipipiri hahitaji kuelezwa fuko ni nani. Anaamka asubuhi na kukuta vichuguu vipya vya udongo mweusi kati ya matuta. Anang'oa shina lililonyauka na kukuta viazi vimeguguna chini kwa chini, au karoti imebaki majani matupu. Wengi humwita huko, jina lake la Kikuyu, na kila kijiji kina mtu anayesifika kwa kumtega.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba wataalamu wa wanyama wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja kuhusu fuko huyu. Je, fuko wa Milima ya Nyandarua, fuko wa Naivasha na fuko wa Mlima Kenya ni mnyama mmoja, au ni wanyama watatu tofauti wanaofanana? Swali hili si la kupitisha wakati. Jibu lake linagusa mazao, afya ya watu na wanyama wachache ambao huenda wanaishi katika eneo hili pekee. Somo hili linaeleza jinsi wataalamu wanavyotofautisha wanyama wanaokaribiana, jinsi spishi mpya inavyotambuliwa, na mchango ambao mkazi wa kawaida anaweza kutoa.

Wagugunaji ni wanyama gani?

Fuko yumo katika kundi la wanyama wagugunaji. Alama yao kubwa ni meno ya mbele: mawili juu na mawili chini, yenye makali kama patasi, yanayoendelea kukua maisha yote ya mnyama. Ndiyo maana lazima agugune kila siku. Asipoguguna, meno humzidi. Panya, kindi, nungunungu, ndezi na fuko wote wana meno haya.

Wako wanyama wanaodhaniwa kuwa wagugunaji ilhali sivyo. Sungura ana meno mengine mawili madogo nyuma ya yale ya juu, na amewekwa katika kundi lake. Kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali, hula wadudu. Pimbi wa kwenye miamba na sange mwenye pua kama mkonga wana undugu wa karibu zaidi na ndovu kuliko panya. Sura ya nje, basi, inaweza kumdanganya mtu.

Hata jina fuko lenyewe limebeba wanyama zaidi ya mmoja. Fuko wa nyanda za juu ana manyoya mazito, macho madogo yanayoonekana, na mkia mfupi. Fuko uchi, anayeishi katika maeneo makavu ya Kenya, karibu hana manyoya kabisa, na hukaa katika kundi kubwa lenye malkia mmoja anayezaa. Wote wawili huchimba kwa meno na kuishi chini ya ardhi. Hata hivyo, kwa nasaba, fuko uchi yuko karibu zaidi na nungunungu na ndezi, na fuko wa Kinangop yuko karibu zaidi na panya. Maisha ya gizani ndiyo yaliyowafanya wafanane.

Mtaalamu Jennifer Jarvis, aliyefanya kazi Kenya, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1971 utafiti uliolinganisha mahandaki ya fuko wa aina tatu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1981 Jarvis aliushangaza ulimwengu wa sayansi alipoonyesha kwamba fuko uchi huishi kama nyuki au mchwa. Fuko wa nyanda za juu haishi hivyo. Huyu hukaa peke yake, kila mmoja na handaki lake. Kwa mtegaji, tofauti hii ni kubwa: hapa kwetu mnyama mmoja akinaswa, handaki hilo limebaki tupu, ingawa jirani yake anaweza kuja kulichukua.

Spishi ni nini?

Spishi ni kundi la viumbe ambao kwa kawaida huzaana wao kwa wao na kupata watoto wanaoweza kuzaa pia. Maelezo haya ni mepesi kusema lakini magumu kutumia, kwa sababu macho hayaoni uzao.

Mfano mzuri uko bustanini. Kabeji, sukuma wiki, koliflawa na brokoli zinaonekana kuwa mimea minne tofauti. Kwa mtaalamu wa mimea, zote ni spishi moja, iliyobadilishwa sura na wakulima kwa karne nyingi. Vivyo hivyo, shangi na aina nyingine za viazi mbatata zinazolimwa hapa ni spishi moja. Kwa upande mwingine, panya wawili wanaweza kufanana kwa rangi, ukubwa na mkia, hata mtu akiwaweka kwenye meza moja asiweze kuwatenganisha, na bado wakawa spishi mbili ambazo haziwezi kuzaana.

Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayoweza kutokea. La kwanza ni kumgawanya mnyama mmoja katika majina mengi kwa sababu ya rangi au ukubwa. La pili ni kuwarundika wanyama wengi chini ya jina moja kwa sababu wanafanana. Historia ya fuko wetu ina dalili za makosa yote mawili.

Majina kumi na matatu, au mawili?

Fuko wa kundi hili wanaitwa kwa Kilatini Tachyoryctes. Wa kwanza kupewa jina alitoka Ethiopia. Aliitwa Tachyoryctes splendens, kutokana na maelezo yaliyochapishwa na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1835.

Baadaye, wasafiri na maafisa wa kikoloni walianza kupeleka ngozi na mafuvu ya wanyama Ulaya. Katika jumba la makumbusho la London, Oldfield Thomas aliyapokea, akayapima na kuyapa majina. Mwaka 1891 alimpa jina T. annectens fuko aliyetoka Mianzini, upande wa mashariki wa Ziwa Naivasha. Mwaka 1909 alitaja T. naivashae wa Naivasha na T. ruddi wa Mlima Elgon. Mwaka 1910 alimtaja fuko wa Milima ya Aberdare, yaani Nyandarua, kwa jina T. audax, neno la Kilatini lenye maana ya jasiri. Mwaka huo huo, Edmund Heller, aliyekuja Afrika Mashariki katika msafara wa Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt, alimwita fuko wa Mlima Kenya T. rex, yaani mfalme.

Thomas alikuwa hodari. Wanyama aliowapa majina ni zaidi ya 2,000. Lakini mara nyingi alikuwa na ngozi chache tu mbele yake, na alitegemea rangi, ukubwa na umbo la fuvu. Rangi ya fuko ni shahidi asiyeaminika. Mtoto wa fuko huwa mweusi au kijivu cheusi, kisha akikua huwa kahawia inayoelekea wekundu. Wapo pia watu wazima wanaobaki weusi maisha yote. Mtega fuko yeyote wa Njabini anaweza kuthibitisha kwamba shamba moja linaweza kutoa fuko wa rangi mbili.

Ndiyo maana orodha hazikupatana. Orodha kubwa ya mamalia wa dunia iliyochapishwa mwaka 2005 ilihesabu spishi 13 za Tachyoryctes. Wataalamu wengine walikubali mbili tu: splendens, aliyeenea Afrika Mashariki, na macrocephalus, fuko mkubwa wa Milima ya Bale nchini Ethiopia, ambaye ndiye chakula kikuu cha mbwa mwitu wa Ethiopia.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliotumia vinasaba, yaani DNA, ya fuko kutoka sehemu nyingi za eneo wanamoishi. Matokeo hayakuunga mkono upande wowote kikamilifu. Yalionyesha makundi 6 makuu ambayo huenda ni spishi 6, na 5 kati ya hayo yanapatikana Ethiopia. Nyanda za juu za Ethiopia ndizo chimbuko la fuko hawa. Mbili ni chache mno, na kumi na tatu ni nyingi mno.

Maana yake kwa wakazi wa hapa ni kwamba majina kama audax na annectens bado yanasubiri hukumu. Ili kuyathibitisha au kuyafuta, lazima wapatikane fuko kutoka mahali penyewe yalipoanzia majina hayo, na walinganishwe na vielelezo vya zamani.

Wataalamu hutofautishaje?

Kazi ya kutambua spishi inafanana na kazi ya mpelelezi. Ushahidi mmoja hautoshi. Lazima ushahidi kadhaa ukubaliane. Njia kuu ni hizi.

Kwanza ni vipimo vya mwili. Mtaalamu hupima urefu wa mwili, mkia, wayo wa nyuma na sikio, na huchukua uzito. Huandika jinsia, umri na mahali mnyama alipopatikana.

Pili ni fuvu na meno. Mifupa haibadiliki kwa urahisi kama rangi. Mpangilio wa magego, upana wa taya na mkunjo wa meno ya mbele huweza kutenganisha wanyama ambao ngozi zao zinafanana.

Tatu ni kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi. Kila spishi huwa na idadi yake. Wanyama wawili wenye idadi tofauti mara nyingi hawawezi kupata uzao wenye rutuba.

Nne ni vinasaba. Kipande kidogo cha sikio au cha ini kilichohifadhiwa katika spiriti kinatosha. Mtaalamu husoma herufi za urithi na kuhesabu tofauti. Tofauti zikiwa nyingi, ni dalili kwamba makundi hayo yameachana kwa muda mrefu. Hata hivyo, lazima zisomwe sehemu kadhaa za vinasaba. Sehemu moja hurithiwa kwa mama pekee, na anayeitegemea hiyo tu amesikia nusu ya hadithi.

Tano ni mazingira na tabia: mnyama anaishi kwenye mwinuko gani, anakula nini, anazaa lini, na kuna mto, bonde au nchi kavu gani inayomtenga na wenzake. Kwa fuko jambo hili lina uzito, kwa sababu hasafiri mbali. Bonde kavu linaloonekana dogo kwa mwendesha bodaboda ni ukuta kwa mnyama anayehitaji udongo laini na wenye unyevu.

Kwa nini jina sahihi ni muhimu?

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa panya wa shambani aitwaye Mastomys, ambaye jike wake anaweza kuwa na chuchu hadi 24. Ndiye panya anayejaa mashambani na maghalani katika sehemu nyingi za Afrika baada ya mvua na mavuno mazuri.

Kusini mwa Afrika, panya hawa walidhaniwa kuwa spishi moja. Kisha katika miaka ya 1970 wataalamu wakahesabu kromosomu zao. Wengine walikuwa na 32, wengine 36. Zilikuwa spishi mbili, Mastomys natalensis na Mastomys coucha, ambazo huweza hata kukutana shamba moja. Walipopimwa dhidi ya vijidudu vya tauni, ilionekana kwamba natalensis huvihimili, lakini coucha huathirika sana. Maeneo ambako watu walikuwa wameugua tauni yalilingana na maeneo ya coucha. Afisa wa afya ambaye angewaita wote panya wa shambani asingejua aelekeze nguvu wapi.

Afrika Magharibi, natalensis huyo huyo ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa, vilivyotambuliwa mwaka 1969 nchini Nigeria. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha jambo la ajabu zaidi. Koo mbili za natalensis zinakutana katika eneo la Morogoro. Kila ukoo una virusi vyake, vinavyoitwa virusi vya Morogoro na virusi vya Gairo, na virusi hivyo havivuki mpaka wa koo hizo. Hapa hata tofauti iliyo ndani ya spishi moja imetosha kuzuia virusi kuenea.

Faida nyingine imeonekana kwa jirani zetu wa Laikipia. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu panya wa miiba waliopatikana huko, wa spishi za Acomys kempi na Acomys percivali. Panya hawa wakikamatwa ngozi yao hubanduka kwa urahisi, wakakimbia, kisha huota ngozi mpya pamoja na vinyweleo vyake bila kovu kubwa. Tangu hapo wanachunguzwa ili kuelewa jinsi majeraha yanavyoweza kupona. Bila kumtambua mnyama kwa jina lake, mtafiti mwingine asingeweza kurudia kazi hiyo.

Kwa mkulima, jina sahihi huongoza njia ya kujikinga. Panya anayepita juu ya ardhi na fuko anayepita chini hawakamatwi kwa mtego mmoja. Sumu iliyowekwa ovyo humfikia bundi, paka na mbwa, na bundi ni mmoja wa wanyama wanaowinda fuko na panya bila malipo. Kabla ya kununua dawa yoyote, ni vyema kumuuliza afisa wa kilimo wa wadi.

Spishi mpya hutambuliwaje?

Spishi mpya haina maana ya mnyama aliyezaliwa jana. Mara nyingi ni mnyama ambaye wenyeji wamemwona tangu zamani, ila sayansi haikuwa imemtenga na wenzake.

Hatua ni hizi. Mtafiti hupata vibali. Nchini Kenya hii ni pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI na ruhusa ya kushughulikia wanyamapori. Hukusanya vielelezo na kuvilinganisha na vya spishi zote zinazokaribiana, hata vile vya zamani vilivyoko London au Washington. Tofauti ikithibitika, huchagua kielelezo kimoja kiwe cha msingi, nacho huwekwa katika jumba la makumbusho ili mtu yeyote aweze kukikagua. Mwishowe huchapisha maelezo na jina. Ikigunduliwa kwamba mnyama huyo alikwisha kupewa jina, jina la zamani ndilo linaloshinda.

Afrika Mashariki ina mfano wa kujivunia. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilieleza spishi mpya za Lophuromys, panya wa milimani wenye manyoya magumu kama brashi. Hapo awali wengi wao walihesabiwa chini ya jina moja. Nne kati ya hizo zilitoka milima tofauti ya Tanzania, na zikapewa majina ya watafiti Watanzania wa wagugunaji: Lophuromys machangui wa Mlima Rungwe, L. makundii wa Mlima Hanang, L. kilonzoi wa Usambara na L. sabunii wa Mbizi. Kila mlima ulikuwa kama kisiwa, na kila kisiwa kilikuwa na panya wake. Milima ya Kenya nayo ni visiwa vya namna hiyo.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Ikiwa fuko wa mlima mmoja ni spishi ya pekee, kumpoteza pale ni kumpoteza duniani kote. Ikiwa ni yule yule aliyeenea kote, mkulima anaweza kumdhibiti shambani bila hofu hiyo. Bila kujua, haiwezekani kupanga ulinzi wala udhibiti kwa haki.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Mkazi akimwona mgugunaji asiye wa kawaida, hatakiwi kumshika kwa mikono mitupu. Kuuma kwake, mkojo wake na viroboto wake vinaweza kuleta maradhi. Anaweza kumpiga picha pamoja na kitu kinachoonyesha ukubwa, kwa mfano rula au kijiti cha kiberiti, na kuandika tarehe, kijiji na aina ya mahali: shamba, kinamasi, kichaka au msitu. Taarifa hiyo aipeleke kwa afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, aliye karibu, au kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi.

Watu wakiona panya wengi wakifa bila sababu inayojulikana, wasiwaguse na waarifu kituo cha afya mara moja. Hiyo inaweza kuwa dalili ya tauni.

Watega fuko wana nafasi ya pekee. Kwa siku moja mtegaji mzoefu huona fuko wengi kuliko baadhi ya watafiti kwa mwezi. Anajua ni shamba gani lina wakubwa, ni wapi wana rangi tofauti, na ni msimu gani wana watoto. Mtafiti anapofika kijijini akiwa na kibali, maarifa hayo ni msaada mkubwa kwake.

Maswali ya kujipima

1. Ni alama gani inayomtambulisha mnyama mgugunaji, na kwa nini sungura si mmoja wao?
2. Kwa nini rangi ya fuko haitoshi kuamua spishi yake?
3. Panya wenye kromosomu 32 na wenye 36 walifundisha nini kuhusu tauni?
4. Kwa nini kielelezo cha msingi huwekwa katika jumba la makumbusho?

Walimu wa shule za msingi na sekondari wanaweza kutumia maswali haya darasani. Wanafunzi wanaweza pia kuwauliza wazazi na majirani majina ya wanyama wagugunaji wa kijiji chao, kisha kuhesabu ni majina mangapi na ni wanyama wangapi. Hesabu hizo mbili huenda zisilingane.